Karatasi tatu za FBP ndani ya siku tatu: kisa cha mdogo wangu mwenye ITP

Jumatano saa kumi jioni mdogo wangu kanitumia picha WhatsApp, karatasi ya FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu), chini yake kaandika maneno manne tu, "Kaka wanataka kunilaza leo." Ilikuwa Agosti 2024. Mi ni mtu wa maabara niko Mwanza, yeye ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, ana ITP, ugonjwa wa kupungukiwa chembe sahani (zile chembe zinazosaidia damu kuganda), tangu 2018 na kila akipima damu lazima picha ije kwangu kabla hata hajatoka getini. Nakiandika kisa hiki chote kwa ruhusa yake, kwa sababu ndani ya siku tatu alipata majibu matatu ya kitu kilekile, 9, halafu 63, halafu 36, na kila jibu lilitaka kumpeleka njia yake, na pia kwa sababu kitu kilichokuwa kinamla kweli kilikuwepo kwenye karatasi zote tatu na kwenye karatasi za nyuma yake, na mimi sikukiona.

Nirudi nyuma kidogo. 2018 ilianza na vidoa vyekundu vidogo miguuni, kama mtu kachomwachomwa na ncha ya sindano, ukivibonyeza havipotei. Halafu damu ikawa inavilia chini ya ngozi, mapajani, mikononi, na yeye hajui kagonga wapi. Fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Zahanati ya kwanza wakasema aleji, ya pili wakapima malaria hamna, na mtaani ndo ikawa balaa maana watu walianza kusema shemeji anampiga, hadi mama akampigia shemeji simu usiku kumuuliza, kitu ambacho shemeji alikimeza kwa uungwana mkubwa lakini kilimuumiza, najua. Kuja kupima FBP chembe sahani zikatoka 8, yaani 8,000 wakati kawaida ni 150,000 mpaka 450,000. Hapo mdomoni tayari alikuwa na malengelenge ya damu. Wakampima HIV, homa ya ini B na C, lupasi, wakamtoa na uboho, vyote havina shida, ndo wakafika kwenye ITP, maana ITP hakuna kipimo kimoja kinachosema hii hapa ni yenyewe, unaipata baada ya kuondoa zingine.

Kwa ambaye hajawahi kusikia, ITP ni kinga ya mwili wako mwenyewe inatengeneza kingamwili zinazojibandika kwenye chembe sahani, bandama ikiziona zimebandikwa inazila. Chembe sahani ya kawaida inaishi siku 7 mpaka 10, za mgonjwa wa ITP zinaweza kuishi masaa tu au siku mbili tatu, na uboho nao unashindwa kufidia. Hili lilijulikana kwa namna ya kutisha kidogo, mwaka 1950 daktari mmoja wa St. Louis Marekani anaitwa William Harrington alijiwekea damu ya mgonjwa wa ITP kwenye mwili wake mwenyewe, ndani ya masaa machache chembe sahani zake zikaporomoka karibu zote, akapata na degedege, baada ya siku kadhaa zikarudi. Ndo ikaeleweka kwamba kwenye damu ya mgonjwa kuna kitu kinachoua chembe sahani za mtu yeyote. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Akapewa prednisoloni, yaani steroidi ya kutuliza kinga, vidonge vya kutosha, zikapanda mpaka 140, kila mtu kafurahi, dozi ikipunguzwa zinashuka. Mzunguko wa pili hivyohivyo. Uso ukavimba, usingizi hakuna, hasira za ajabu darasani, sukari ikaanza kupanda. Baadae daktari bingwa wa damu akasema tumwache bila dawa, maana mwili wake umetulia kati ya 35 na 50 na hatoki damu. ITP ikishapita miezi 12 inaitwa sugu, na kwa mtu mzima mwenye 30 kwenda juu asiyetoka damu hata mwongozo wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani wa 2019 unasema mwangalie, usimpe steroidi. Kwa hiyo miaka mingi akawa anaishi tu, anapima kila baada ya miezi mitatu minne, mi nasoma, namjibu "44, uko poa."

Sasa hiyo Agosti. Gego la chini lilioza, shavu limevimba, maumivu ya kukesha. Akaenda kung'oa, daktari wa meno alivyosikia ITP akafanya jambo la maana kabisa, akasema kwanza FBP. Jibu: 9. Kliniki wakashtuka, wakataka alazwe usiku uleule, aanzishiwe prednisoloni dozi kubwa, na itafutwe damu ya chembe sahani awekewe. Siwalaumu kwenye kushtuka, 9 ni namba ya kushtua.

Nikampigia. Sikuanza na namba. Nikamwambia simama mbele ya kioo fungua mdomo, kuna lengelenge lolote la damu kwenye mashavu kwa ndani au kwenye ulimi? Hamna. Miguu, vidoa? Hamna. Kichwa kinauma? Jino tu. Choo cheusi, mkojo mwekundu? Hapana kaka. Mwaka 2018 alipokuwa na 8 mwili mzima ulikuwa unaongea, safari hii 9 na mwili umenyamaza. Lakini mtu anaweza kuwa na 9 ya kweli asitoke hata tone, kwa hiyo kunyamaza kwa mwili peke yake hakukunitosha, ilinifanya tu niangalie karatasi vizuri.

Nikaivuta picha ikawa kubwa. Chembe nyeupe 12.1. Yeye za kwake siku zote ni 4 na kitu. (Na hapa niseme, Waafrika wengi tuna nyutrofili (aina moja ya chembe nyeupe) za chini kidogo kuliko vipimo vilivyopangwa kwa Wazungu, ni maumbile, ukiona kaherufi ka "chini" pembeni ya chembe nyeupe za mtu wako mzima wa afya usikimbilie saratani.) Jino lenye usaha linaweza kupandisha chembe nyeupe, sawa. Lakini mstari wa ukubwa wa chembe sahani ulikuwa hauna namba, vistari tu, na mashine yenyewe iliandika onyo chini kwamba imehisi mabonge ya chembe sahani. Hilo onyo hakuna aliyelisoma.

Nikamuuliza, damu walikutoa vipi? Akasema walimchoma mara tatu, mshipa haupatikani, damu inaingia polepole kwenye bomba la sindano, halafu nesi akaimimina kwenye chupa na kuiweka mezani akaenda kumhudumia mtoto aliyekuwa analia. Hapo nikashusha pumzi. Chupa ya FBP ni ile ya kifuniko cha zambarau, ndani ina dawa ya EDTA inayozuia damu kuganda, na damu ikishaingia unaigeuzageuza taratibu mara 8 mpaka 10 ichanganyike. Damu iliyochelewa kwenye bomba, ikaingia kwenye chupa bila kugeuzwa, inaanza kuganda, na kuganda ndo kazi ya chembe sahani, zinashikana. Mashine ikikuta bonge la chembe sahani ishirini haihesabu ishirini, aidha haihesabu kitu au inaliona kubwa inaliita chembe nyeupe. Ndo maana sahani 9 na nyeupe 12.

Nikamwambia usitoroke na usigombane na mtu, kaa hapo, mwambie daktari kwa heshima kwamba unaomba kipimo kirudiwe kabla ya dawa, damu mpya kutoka mkono mwingine, na waipake kwenye kioo waiangalie kwa hadubini. Daktari wa zamu akakubali, alikuwa muungwana. Akalala pale chini ya uangalizi, bila prednisoloni, na damu ya chembe sahani haikutafutwa. Kuhusu kuwekewa chembe sahani, ndo narudi kwa Harrington, ukimwekea mgonjwa wa ITP za mtu mwingine zinaliwa kama za kwake, kwa hiyo inabaki kuwa silaha ya mtu anayetoka damu ya kutishia maisha, tena pamoja na dawa zingine, siyo ya kurekebisha namba kwenye karatasi.

Alhamisi asubuhi damu ikapelekwa maabara nyingine, maana ya pale mtu wa hadubini hakuwepo. Jibu: 63.

Mama kwenye simu alishangilia, anasema Mungu mkubwa, ni ile juisi ya rozela na bitiruti. Mdogo wangu naye akataka kurudi kwa daktari wa meno siku hiyohiyo, maana 50 na kuendelea wengi wanang'oa bila wasiwasi. Mi ile 63 ilinikaa vibaya. Miaka yote bila dawa hajawahi kufika 55. Chembe nyeupe zimerudi 4.8, sawa, damu imetolewa vizuri safari hii. Ila nikashuka mistari ya juu ambayo huwa naipita. HB, yaani wingi wa damu, 8.3, iko chini. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, 62, wakati inatakiwa kuanzia 80 hivi. RDW 21, maana yake chembe nyekundu zimetofautiana sana ukubwa, zingine ndogo mno.

Mashine nyingi za kwetu zinatofautisha chembe kwa ukubwa. Kitu kidogo inakiita sahani, kikubwa inakiita chembe nyekundu. Mtu akiwa na chembe nyekundu zilizosinyaa na vipande vyake, vile vidogo kabisa vinaangukia upande wa sahani na kuhesabiwa humo. Na mgonjwa wa ITP ana tatizo la upande wa pili pia, sahani zake nyingi ni changa na kubwa kupita kawaida, zingine zinaruka mpaka na kuhesabiwa nyekundu. Nikamwambia anipigie picha yale magrafu madogo pembeni ya karatasi ambayo watu huwa wanayaona mapambo tu. Grafu ya sahani inatakiwa ipande kama kilima halafu ishuke mpaka chini. Ya kwake mkia ulikuwa haushuki, umebaki juu unaingia kwenye eneo la nyekundu. Nikajua 63 ina wageni ndani yake.

Ijumaa akaenda kwenye kliniki yake ya damu hospitali kubwa. Pale kuna mama mmoja wa maabara mtu mzima, aliipaka damu kwenye kioo, akahesabu sahani kwa macho kwenye maeneo kumi ya hadubini, jumla 24, wastani 2.4, ukizidisha kwa 15,000 unapata 36,000. Hayo ni makadirio, kwa hiyo akachukua na chupa ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu kuna watu damu yao inashikana kwenye EDTA tu hata ukiitoa vizuri namna gani, wanaishi miaka wakiambiwa wana sahani chache kumbe wazima. Ya bluu, mashine yao inayohesabu kwa mwanga ikatoa 33, na kwa kuwa ile dawa ya maji inaongeza ujazo unazidisha kwa 1.1, inakuja 36. Vimeafikiana. Kwenye kioo mabonge hamna, sahani kubwa zipo, chembe changa za saratani hamna, nyekundu zilizokatika katika kama kofia hamna, ila nyekundu zake ni ndogo, zimepauka, zingine nyembamba kama penseli. Huo ni upungufu wa madini chuma, picha yake kabisa.

Angalia sasa. Kwa 9 angerudishwa kwenye steroidi bila sababu, na kwa 63 angeng'olewa kama mtu yeyote bila maandalizi. 36 ilimaanisha jino moja linang'oleka lakini kwa mpango: asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutoka damu) ya kunywa na ya kusukutua, kushona kidonda, kuuma gozi kwa muda mrefu, antibayotiki ya usaha, na kwa maumivu Panadol peke yake. Hapo ndo ikajulikana kumbe siku nne zile za maumivu alikuwa ananunua diklofenaki duka la dawa. Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini zinazifanya chembe sahani zilegee, hazishikani inavyotakiwa, na sahani iliyoguswa na aspirini haiponi mpaka ife. Mtu ana 36 halafu hizohizo 36 hazifanyi kazi, na hakuna mstari wowote kwenye FBP utakaokuambia hivyo. Wakasubiri siku kadhaa diklofenaki itoke mwilini, jino likang'olewa, alitoka damu ya kawaida tu.

Jino liliisha. HB 8.3 haikuisha kichwani kwangu. Usiku ule nilifungua picha zote za WhatsApp tangu 2022 nikaziandika kwenye daftari, safari hii mistari yote. HB 11.4. Halafu 10.6. Halafu 9.7. Halafu 9.0. MCV 79, 74, 70, 66. Ilikuwa inateremka ngazi moja moja mbele ya macho yangu na kila karatasi nilijibu "44, uko poa", "39, usijali", "47, safi sana." Tena nilikuwa namfanya alie kwa tofauti isiyokuwepo, zikitoka 44 kwenda 38 namwandikia "zimeshuka kidogo" wakati namba hizo kwa mashine ni kitu kimoja, mashine huko chini inayumba na mwili wenyewe unapanda na kushuka kila siku. Uchovu wake wote tuliuweka kwenye kapu la ITP. Anachoka kupanda ngazi, ITP. Moyo unaenda mbio, ITP. Anatafuna udongo wa pemba, tukasema labda mimba.

Aliyefungua fundo ni mke wangu. Alichukua simu akampigia, nikamsikia anauliza moja kwa moja, "Wifi, ukiwa kwenye siku zako unatumia pedi ngapi?" Kimya. Halafu akaanza kueleza, siku nane, tatu za mwanzo anabadilisha kila saa moja na nusu, usiku anaweka mbili na kitenge chini, mabonge yanatoka, siku hizo darasani hakai kwenye kiti. Mambo haya angemwambiaje kaka yake? Na mimi ningemuuliza vipi? Lakini daktari akimuuliza "unatoka damu?" yeye anajibu hapana, kwa sababu kwake kutoka damu ni pua na fizi, hedhi ni hedhi. Miaka yote tuliandika hatoki damu na alikuwa anatoka kila mwezi.

Ukiwa na HB ndogo na sahani chache kwa pamoja, hali ni mbaya kuliko kuzijumlisha. Ndani ya mshipa chembe nyekundu zinapita katikati na kuzisukuma sahani pembeni, karibu na ukuta, pale ambapo tobo likitokea zinahitajika. Nyekundu zikipungua, sahani zinaelea katikati huko zinapita bila kuona tobo. Kwa hiyo hedhi inamaliza damu, damu ikipungua sahani zinafanya kazi vibaya, hedhi inazidi. Alikuwa kwenye mzunguko huo.

Daktari wake alimwanzishia vidonge vya madini chuma, kimoja kwa siku, tumbo tupu, na traneksamiki siku za hedhi tu, na akampeleka kwa daktari wa wanawake kuangaliwa kama kuna faibroidi. Haikuwepo. Vidonge mwanzoni havikufanya kitu, wiki tatu HB iko palepale, mpaka tukaulizana kumbe anavimezea chai ya maziwa saa moja asubuhi akiwahi gwaride. Chai na maziwa vinazuia madini chuma kuingia. Akahamishia saa kumi na moja alfajiri na maji yenye ndimu, kinyesi kikawa cheusi akaogopa, nikamwambia hicho ni chuma, kawaida.

Wiki ya kumi HB 11.2, MCV 76. Chembe sahani 30. Akanipigia analia kwamba zimeshuka kutoka 36, dawa inamdhuru. Hapa nilijibu taratibu. Kwanza 36 na 30 siyo mbali kihivyo. Pili, upungufu wa madini chuma mara nyingi wenyewe unausukuma uboho utoe sahani zaidi, ukiurekebisha ule msukumo unaondoka na zinaweza kushuka kidogo. Nikamuuliza hedhi ya mwezi huu ilikuwaje, maana siku hizi nauliza. Akafikiria, akasema siku tano, pedi nne kwa siku, hajaweka kitenge. Nikamwambia basi hizo 30 zinafanya kazi kuliko zile 44 za mwaka juzi.

Udongo wa pemba aliacha mwenyewe, anasema siku moja tu aliuona hauna ladha. Mama anaendelea na bitiruti na sijamkataza, haidhuru, ila majani ya mpapai niliomba wasimpe bila kumwambia daktari.

Sasa kuna jambo la mtoto. Yeye na shemeji wanataka, walikuwa wanaogopa. Wameshaongea na daktari mara moja, kawaida wanapenda sahani zifike 50 hivi mama akijifungua, na ganzi ya mgongo wanataka zaidi ya hapo, karibu 70, na zikiwa pungufu kuna namna ya kuzipandisha kwa muda wiki za mwisho. Wiki ijayo anapima feritini kuona akiba ya chuma imejaa kiasi gani kabla hawajaanza kujaribu. Atatumia chupa ya zambarau na ya bluu zote mbili, na ameshaniambia mkono wa kulia ndo wenye mshipa mzuri.